Kiwiko cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa mkandaji. Naanza na hilo kwa sababu mtu asiyelijua atamwona mjinga, na mjinga hakuwa.

Aliolewa Muze, huko bondeni. Ukitoka kwetu Sumbawanga unateremka mlima mpaka masikio yanaziba, na ukifika chini unavua sweta. Mwanamke akijifungua kule, aliitwa yeye kumkanda. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akaingiza kiwiko. Kiwiko, si kiganja. Alisema kiganja cha mwanamke aliyelima na kuepua masufuria maisha yake yote kimeshakufa ganzi, hakijui tena moto. Kiwiko hakijafanya kazi yoyote, kwa hiyo bado kinasema kweli. Kiwiko kikikubali, ndipo alipochovya taulo, akakamua, akambandika mzazi tumboni, mgongoni, kwenye nyonga. Mzazi alipiga kelele, yeye akacheka.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa matiti. Kuna wazazi ambao maziwa yanajaa na kuganda, titi linakuwa gumu kama jiwe, mtoto analia na mama analia. Wakandaji wengine walimkamua mama kwa nguvu mpaka anazimia. Mdogo wangu alibandika taulo la moto, akasubiri, akakanda taratibu kwa kidole gumba kuelekea kwenye chuchu, akabandika tena. Titi lililainika na maziwa yakatoka. Alifanya hivyo tangu wanawe wakiwa wadogo mpaka akapata wajukuu, na sijasikia mtu aliyesema aliunguzwa na mikono yake.

Sasa basi, lilipotokea jiwe kwenye titi lake mwenyewe, mlitaka afanye nini?

Alilikanda. Alilikanda huko Muze peke yake, hakusema kwa mtu. Jiwe halikulainika. Ngozi ya juu ikaanza kuvutika na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, ndipo akafunga nguo zake akapanda kuja kwangu.

Alifika mwezi wa sita, wakati upepo wa Ufipa unapasua midomo. Alishuka kwenye gari amejifunga kanga mbili juu ya koti na bado anatetemeka.

"Dada, hivi nyie mnaishije huku?"

"Tunaishi kwa kufunga mlango," nikamwambia. "Ingia."

Aliponionyesha lile titi jikoni, nilifunika sufuria, nikachukua kitenge changu, tukaenda hospitali hapa mjini. Wakamkata kinyama kidogo wakakipeleka kupima. Daktari aliyetuona alikuwa mtu mzima, anaongea polepole. Alisema tusubiri majibu kwa wiki kadhaa, kisha tutakwenda hospitali kubwa Mbeya, ataanzishiwa dawa za dripu, halafu watalikata titi, halafu mionzi.

"Mama," alimwambia mdogo wangu, "hujachelewa sana. Ugonjwa bado uko hapo hapo ulipo. Ukianza sasa, kuna matumaini. Ukichelewa, siwezi kukuahidi kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa baba."

Nami nilimwelewa. Kuanzia siku ile kazi yangu ilikuwa moja, kuhakikisha anafika Mbeya kabla ule ugonjwa haujahama.

Katika kusubiri huko, mjukuu wangu akaja likizo. Ni binti wa mwanangu wa kwanza, yuko chuo kikuu mbali, anasoma mambo ya kemia. Wanajumuiya wa kanisani wakiniuliza anasomea nini huwa nasema dawa, wanaridhika. Alifika, akatupa shikamoo, akaketi nasi jikoni kupukuchua mahindi. Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa kiasi cha kuunguza gauni.

"Eti unasomea udaktari?" akamuuliza.

"Hapana bibi mdogo. Natengeneza jeli."

"Ya nywele?"

"Ya sindano. Ya kuua uvimbe wa saratani."

Mikono ya mdogo wangu ikasimama juu ya gunzi. Nilimwona mtoto naye akijutia, maana alikuwa ameshaambiwa habari za titi, na alikuwa amejipanga asiliguse jambo hilo. Lakini mdogo wangu hakumwacha. Akamwambia aeleze yote, asiruke.

Basi akaeleza. Alisema ndani ya ile jeli kuna chembechembe za dhahabu, ndogo hata hadubini ya shuleni haizioni. Inachomwa kwa sindano ikiwa majimaji, kama uji mwepesi. Ikifika mwilini inapata joto la mwili, inaganda, kama uji uliolala. Hapo zile dhahabu zinakaa palepale kwenye uvimbe, hazisambai. Kisha unamulika kwa mwanga ambao jicho halioni. Mwanga unapita kwenye ngozi bila kuiunguza, unakutana na dhahabu, dhahabu inapata moto, na uvimbe unaiva kutokea ndani.

"Kama tuta," mdogo wangu akasema.

Mjukuu hakuelewa, kazaliwa mjini. Nikamweleza mimi. Zamani, na wengine mpaka leo, Mfipa alilima kwa kukata majani na kuyafukia chini ya tuta la duara. Nje utaona udongo tu, umepoa, una umande. Lakini ukiingiza mkono katikati baada ya siku kadhaa, unakuta joto. Majani yanaiva humo ndani. Tukiwa wasichana tulikuwa tunaingiza mikono kwenye matuta ya baba asubuhi za baridi, tukichapwa kwa kuyabomoa.

"Ndiyo," mjukuu akasema, "karibu na hivyo."

"Na moto wenyewe unakuwa kiasi gani?" mdogo wangu akauliza. Hilo ni swali la mkandaji. Mimi nisingeuliza.

"Umepita homa kali kidogo tu. Hiyo ndiyo kazi ngumu, bibi mdogo. Ukipungua, uvimbe haufi. Ukizidi, unaunguza na nyama nzima. Tuna kamera inayoonyesha joto kwa rangi, tunakaa tunaitazama bila kupepesa."

"Mimi nina kiwiko."

Tukacheka. Hata mimi nilicheka.

"Na wanaotibiwa wanapona?"

"Ni panya, bibi mdogo. Tunawafanyia panya."

"Huku panya tunawategea sumu," nikasema, "kumbe huko mnawauguza."

"Wanapona au hawaponi?" Mdogo wangu hakuwa na habari na utani wangu.

Mjukuu akatoa simu, akaonyesha picha ya panya mweupe amenyolewa ubavu mmoja. Kwanza uvimbe. Kisha kidonda cheusi. Kisha kovu. Akasema wengine uvimbe unaisha kabisa, wengine unarudi. Mdogo wangu aliishika ile simu kwa muda mrefu.

"Itakuja kwa watu lini?"

"Sijui. Miaka mingi. Dawa nyingi zinaishia kwa panya, haziji kabisa. Wewe bibi mdogo nenda Mbeya. Dawa za Mbeya zinajulikana, hii yetu bado haijulikani. Usiisubiri."

Alisema hivyo. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, na kama yuko mtu wa ukoo anayesema yule mtoto alimdanganya bibi yake, aje aniambie mimi.

"Siisubiri," mdogo wangu akajibu. "Nauliza tu."

Mjukuu akarudi chuoni. Sisi tukabaki tunangoja majibu ya kinyama. Mimi nilikuwa na mahindi ya kuanika na ulezi wa kupepeta, natoka asubuhi nabaki shambani mpaka jua linageuka. Nilikuta sufuria dogo limelowekwa kila nikirudi, pembeni limeganda ulezi. Nikafurahi. Alikuwa hali chakula vizuri, nikasema angalau anajipikia uji. Akaanza pia kuchangamka. Akasema maumivu yamepungua. Akasema, "Dada, naona kama linalainika." Nikamwambia asijishike-shike, asubiri daktari.

Majibu yakaja. Ilikuwa saratani, kama walivyodhani. Tukapewa siku ya Mbeya.

Basi linaondoka Sumbawanga bado kuna ukungu. Mdogo wangu alikaa dirishani, amefurahi karibu kama mtu anayekwenda harusini. Njiani aliniambia, "Watashangaa." Nikamuuliza washangae nini. Akasema, "Utaona." Nikadhani anazungumzia jinsi alivyopata nguvu.

Daktari wa Mbeya alikuwa binti, mdogo kuliko mjukuu wangu kwa kumtazama. Alitusalimia vizuri, shikamoo bibi, shikamoo bibi, akasoma karatasi, akasema leo atampima, wiki hiyo hiyo wataanza dripu. Akamwomba afungue gauni.

Kwanza ikaja harufu. Kisha nikaona. Lile titi, upande wa jiwe, ngozi ilikuwa imeungua. Mahali pengine ilikuwa nyeusi na kavu, pengine nyekundu inatoa maji, na pembeni pana usaha. Alikuwa amelifunika kwa kitambaa cha kanga kilichopakwa mafuta ya nazi.

"Bibi, nani amekuunguza?"

"Hakuna aliyeniunguza. Nimejikanda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu joto linaua uvimbe." Aliongea kwa heshima, kama mtu anayeongea na fundi mwenzake. "Hata nyie wasomi mnalijua. Mjukuu wetu anafanya kazi hiyo. Wao wana dhahabu, mimi nilitumia ulezi. Uji mzito wa ulezi haupoi haraka. Naupika mpaka unasimama mwiko, naufunga kwenye kitambaa, naubandika hapo kwenye jiwe tu, sigusi pengine. Sikulisumbua titi lote."

"Ulikuwa huhisi unaungua?"

"Sikuhisi. Kiwiko kilikubali, nikabandika, nikasubiri moto uingie. Kila siku nilisubiri uingie. Haukuingia, basi nikauacha ukae zaidi."

Daktari akachukua pamba, akagusa ile ngozi, akamuuliza kama anahisi. Mdogo wangu akasema hapana. Akagusa pembeni. Hapana. Akasogea mpaka karibu na kwapa, ndipo akasema ndiyo. Ngozi yote juu ya jiwe ilikuwa imekufa ganzi, pengine tangu Muze. Kiwiko kilikuwa kinasema kweli kama siku zote. Titi ndilo lilikuwa halijibu tena, na uji mzito, kila mtoto aliyekulia Ufipa anajua, juu unaonekana umepoa na ndani unaunguza.

Yule daktari hakugomba. Angegomba ningemheshimu vilevile. Alikaa chini akatueleza kwamba dripu inashusha kinga ya mwili, na mtu mwenye kidonda chenye usaha akitundikiwa anaweza kufa kwa kidonda kabla ya saratani. Kulikata nako hawawezi, maana hakuna ngozi nzima ya kushonea. Lazima kidonda kipone kwanza.

"Kitapona lini?" nikauliza.

"Hapo juu ya uvimbe, bibi, sijui. Tutajitahidi."

Mdogo wangu alikuwa anafunga vifungo. Alikosea, akaanza upya, akakosea tena. Nikamfungia mimi.

Tulirudi na dawa za kidonda. Nilimsafisha mwenyewe kila siku, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Wanajumuiya walikuja kusali rozari, wengine wakaja kunusa. Kulikuwa na mmoja aliyemuuliza, mbele yangu, kama kweli alikuwa anajipikia titi. Nilimwonyesha mlango. Mdogo wangu akasema, "Mwache dada, ni kweli nililipika."

Kidonda kilifunga pembeni. Katikati hakikufunga. Jiwe likawa linakua kupitia humo humo, na chini ya kwapa likatokea jingine.

Siku moja aliniomba nimpigie mjukuu. Nikampigia, nikaweka sauti kubwa ili mdogo wangu asikie bila kushika simu, mkono ulikuwa umevimba.

"Mama," alimwita hivyo, ndivyo tunavyowaita wajukuu tukiwa na shida nao, "ile jeli yako. Niwekee mimi."

"Bibi mdogo, haiwezekani."

"Panya wako anakubali?"

"Bibi..."

"Panya hukumuuliza. Mimi naomba mwenyewe. Mimi najua moto, nitakusaidia hata kupima. Kama nikifa, nimekufa nikiwa naumwa, si wewe uliyeniua. Dada yangu yuko hapa anasikia."

Tukasikia watu wanapita huko alikokuwa, wanacheka mambo yao.

"Hairuhusiwi," mtoto akasema. "Hata ingeruhusiwa, sijui ingekufanya nini. Ningejua ningekuletea kwa miguu."

"Haya," mdogo wangu akasema. "Soma vizuri." Akanifanyia ishara nikate.

Tuliporudi Mbeya walimpiga picha za kifua. Ugonjwa ulikuwa umehamia kwenye mapafu. Yule binti daktari alituandikia dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akatueleza namna ya kuinywa, akasema tukae karibu na nyumbani. Watu wa hospitali wana namna yao ya kusema jambo hilo.

Nyumbani kwake ni Muze. Alisema hataki kufia kwenye baridi. Wanawe wakaja na gari, tukamlaza kwenye godoro nyuma, tukateremka mlima. Kila kona nilimshika kichwa. Tulipofika chini akasema nimfunue shuka. Akasema, "Afadhali."

Alikaa kwa muda kule. Wanawake aliowakanda walikuja, na mabinti waliozaliwa siku zile wakaja na watoto wao migongoni. Walikuwa wanaketi mkekani, wanaangalia ukuta, wanaondoka. Mdogo wangu alipumua kwa shida, aliongea kidogo. Mara moja aliniambia, "Dada, lililainika kweli. Kwa siku chache lililainika, pale pembeni. Sikusema uongo."

Nikamwambia najua.

Sijui. Labda ilikuwa usaha. Labda ilikuwa kweli. Nilimwambia najua kwa sababu alikuwa ananitazama.

Tulimzika Muze, karibu na mume wake. Udongo wa kule ni mwepesi, wachimbaji hawakuchukua muda.

Mjukuu alikuja baada ya mazishi. Alilia jikoni kwangu, kwenye kile kigoda alichokalia siku ile ya mahindi. Alisema, "Kwa nini nilisema uji? Ningesema gundi. Ningesema kitu kingine chochote." Nilimwambia ale. Alipomaliza kula nilimwambia kwamba yeye alieleza anachokijua, na bibi yake alisikia anachokijua, na kati ya hapo hapakuwa na mtu wa kuangalia kamera. Nilimwambia arudi kazini. Nikamwambia pia akieleza tena kwa wazee, amalize kwa kuuliza mtu ameelewa nini, wala asiridhike na kicheko. Akakubali kwa kichwa. Bado yuko na panya wake. Akipiga simu simuulizi wanaendeleaje, na yeye hasemi.

Mwaka huu, kwenye baridi tena, mke wa mjukuu wangu wa kiume amejifungua hapa kwangu. Titi moja likaganda. Mtoto akalia usiku kucha, na mama yake akasema, kwa sauti ya chini kwa sababu alijua anataja nini, "Angekuwepo bibi wa Muze."

Asubuhi nilichemsha maji. Sijawahi kuwa mkandaji, mimi mikono yangu ni ya jembe. Nikamimina kwenye beseni, nikaingiza kiwiko. Kilikubali. Nikakitoa, nikasimama pale, nikayaacha maji yakae. Kisha nikamgusa yule binti kwenye titi kwa ncha ya ukucha, huku na huku, pote, nikimuuliza kila nikigusa.

"Unahisi?"

"Nahisi bibi."

"Na hapa?"

"Nahisi. Bibi, nahisi kote, unaniumiza."

Ndipo nikachovya taulo.

"Bibi, mbona maji yamepoa?"

"Yatakutosha hivyo hivyo," nikamwambia, nikaanza kukanda.